Maji ya moto yanagandaje ndani ya koili? Uzi wa mafundi tulioko nchi za baridi

msimamizi_wa_paa (Minneapolis)

Wakuu, salaam.

Najua humu tupo wengi tunaoshika spana kwenye majengo ya watu huku Minnesota, Kanada na Skandinavia, lakini mada karibu zote ni za kutafuta kazi na makaratasi. Leo tuongee kazi yenyewe.

Jengo ninalohudumia lina mashine ya hewa juu ya paa. Ndani kuna dampa (mabamba yanayofungua na kufunga njia ya hewa) za hewa ya nje, dampa za hewa inayorudi kutoka ofisini, chujio, koili ya maji ya moto (vibomba vilivyokunjwa ambavyo hewa inapita katikati yake), na nyuma yake koili ya maji baridi ya kiangazi, kisha feni. Baridi ikikaza, asubuhi frizistati inakata. Kwa asiyeijua: ni swichi yenye mrija mwembamba wa shaba, mrefu kama mita 6, unaozungushwa mbele ya koili. Sehemu yoyote ya mrija, hata kipande cha sentimita 30 tu, ikiguswa na hewa ya nyuzi 3 hivi, swichi inazima feni na dampa za nje zinafunga. Haijirudishi yenyewe, lazima mtu apande abonyeze kitufe.

Basi wapangaji wanapiga simu, mtu wa zamu anapanda, anabonyeza, inawaka, inakata tena. Juzi nikafungua boksi nikakuta kipande cha waya mwekundu kimetoka mguu huu wa swichi hadi ule. Mtu kaidairekti, yaani kairuka swichi isikate tena. Zamu zote tatu hakuna anayeujua waya ule ulikotoka, kama kawaida.

Nimeutoa. Sasa lawama ni zangu. Bosi anasema kifaa ni kibovu, ama kibadilishwe ama waya urudi. Na kwa karatasi ana hoja: maji yanayoingia koili ni nyuzi 80, na sensa ya hewa iliyochanganyika inasoma nyuzi 7. (Natumia Selsiasi, Farenhaiti waachieni wenyewe.) Hewa ya nyuzi 7 haigandishi kitu. Lakini frizistati inasisitiza kuna baridi. Kati ya hao wawili nani mwongo? Na kabla sijabishana na bosi, nipeni uzoefu wenu wa kulinda hizi koili.

---

kijana_wa_mwenge (Dar)

Mkuu samahani, mimi huku nahangaika na feni ya dari tu. Maji ya nyuzi 80 yanagandaje? Si yako moto?

---

msimamizi_wa_paa

Swali halali kabisa, hata bosi linampiga chenga. Yana nyuzi 80 yakiwa yanaingia. Humo ndani yanapita kwenye vibomba vya shaba vyembamba, upana wa sentimita moja na nusu hivi, vimefungwa mapezi ya alumini mamia kwa mamia. Kazi ya mapezi ni kunyang'anya maji joto haraka iwezekanavyo. Pampu ikisimama au vali ikifunga, maji yaliyobaki ndani ni kidogo sana, na feni bado inayapulizia hewa ya -20. Dakika chache tu, yamekwisha.

---

Babu Boila (Winnipeg)

Kijana wa Mwenge ameuliza swali ambalo wahandisi wengine hawaulizi. Niongezee kidogo hapo, halafu nije kwa mwenye uzi.

Maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, kila mtu kasoma shuleni. Watu wakadhani barafu ndiyo inayosukuma bomba hadi linapasuka pale pale ilipo. Mara nyingi sivyo. Barafu inaanza sehemu mbili, inaziba kama kizibo huku na huku, na katikati maji yamebanwa hayana pa kwenda. Barafu inavyozidi kukua, presha ya yale maji ndiyo inapanda hadi shaba inaachia. Ndiyo maana ukikagua koili iliyopasuka utakuta ufa mara nyingi uko kwenye kona, pale bomba linapopinda kurudi, wakati sehemu iliyoganda kwanza iko katikati ya uso wa koili. Niliwahi kushika moja mkononi: ufa mfupi kuliko ukucha wa kidole gumba, shaba imevimba kwanza halafu ikafunguka, kingo zimebinuka nje, nyembamba hadi zinakata.

Ubaya wake ni kwamba haivuji siku hiyo. Barafu yenyewe ndiyo imeziba ufa. Unapita, unaona kila kitu kikavu, unaandika kwenye daftari kwamba salama. Baridi inapoachia, barafu inayeyuka, na maji ya mfumo mzima yanaanza kushuka kwenye dari ya mtu wa chini. Kwa hiyo frizistati ikikata usiku wa baridi kali na ukakuta pampu ilikuwa imekufa, usirudishe maji kwa furaha. Funga vali, acha koili ipate joto polepole, ndipo ufungulie kidogo huku tochi iko kwenye zile kona.

Sasa wewe wa paa. Hakuna mwongo. Sensa yako ya nyuzi 7 inasema wastani, frizistati inasema ukweli wa sehemu moja. Piga hesabu: asilimia 30 ya hewa ni ya nje, -25, na asilimia 70 inarudi ikiwa na nyuzi 21. Wastani ni nyuzi 7 na kitu. Lakini nani kakwambia zimechanganyika? Hewa baridi ni nzito, inaingia chini, ya moto inapita juu, na zinaweza kusafiri hivyo hadi kwenye koili bila kusalimiana. Nusu ya juu ya koili inapigwa na nyuzi 15, safu ya chini inapigwa na -8. Chukua kipimajoto chenye mkia mrefu, pima juu, katikati, chini, kushoto na kulia. Halafu angalia sensa ya wastani imefungwa wapi. Nitashangaa kama haiko juu juu tu, pale aliyeifunga alipofikia bila ngazi.

Na usimwamini mtu anayekwambia hatari ni siku za -30 pekee. Siku ya -30 vali iko wazi yote, maji yanapita kwa nguvu, na kila mtu yuko macho. Mashine nyingine, hasa zile zinazovuta hewa ya nje tupu kwa ajili ya korido za magorofa, huumia siku ya -4 au -5. Joto linalohitajika ni dogo, kwa hiyo vali inajibana hadi inabaki mwanya. Maji yanatiririka kwa kuchechemea, yanamaliza joto lote kabla hayajafika safu ya mwisho, na hapo hewa ya chini ya sifuri inayasubiri. Dawa yake ni pampu ndogo ya koili yenyewe: maji yazunguke ndani ya koili muda wote kwa kasi ile ile, na vali iwe inapunguza au kuongeza moto tu, isiguse mwendo.

---

glaikoli_tu (Edmonton)

Mnazunguka sana. Weka glaikoli, ile dawa ya kuchanganya na maji yasigande, habari imekwisha. Kwetu hakuna koili ya nje yenye maji matupu na tunalala usingizi.

---

Babu Boila

Mnalala hadi lini? Nani anapima?

Glaikoli sikatai, hata mimi nimeiweka penye haki yake. Lakini inabeba joto kidogo kuliko maji na ni nzito kusukuma, kwa hiyo koili na pampu vilivyopimwa kwa maji matupu vinapungua nguvu. Ukimwaga glaikoli kwenye mfumo wa zamani bila hesabu, umekinga koili na umewanyima wapangaji joto siku wanayolihitaji zaidi. Kisha kuna ile laini ya kujaza maji yenyewe presha ikishuka. Mfumo ukivuja kidogo kidogo, maji ya bomba yanaingia kimya, na baada ya misimu kadhaa ile asilimia 50 yenu imekuwa 20 na hakuna anayejua. Penye glaikoli laini hiyo inatakiwa ikatwe, liwekwe tangi lenye mchanganyiko tayari na pampu yake.

---

glaikoli_tu

Hapo kwenye laini ya kujaza nakubali, kwetu ilikatwa. Tunapima kwa refraktomita, kile kifaa cha kuonyesha glaikoli ni asilimia ngapi, kila vuli kabla ya baridi. Ila wenye kuiga waelewe haya, maana nimeona madudu.

Glaikoli ziko aina mbili, propilini na ethilini. Propilini asilimia 30 inaanza kufanya chembe za barafu kwenye -13 hivi. Haipasui bomba hapo, inakuwa uji, na uji hautanuki kwa ubavu wa kupasua hadi ishuke mbali zaidi. Lakini uji hausukumiki na pampu, kwa hiyo kama unataka mashine ifanye kazi na siyo kusalimika tu, unahitaji kiasi kikubwa zaidi. Asilimia 50 inakufikisha kama -34. Zaidi siyo bora zaidi: ethilini tupu isiyo na maji inaganda kwenye -13 hivi, watu hawaamini hadi waone.

Ethilini ni sumu na ina ladha tamu, kwa hiyo shule na hospitali tunatumia propilini. Ya magari usiguse, ina viungo vinavyofanya utando ndani ya vibomba. Na refraktomita iwe na kipimo cha aina unayotumia. Ukisoma propilini kwa mstari wa ethilini unajidanganya.

---

Nyota ya Kivu (Fort Worth)

Jambo bandugu. Miye niko Texas, na huku watu walikuwa wanacheka habari za barafu mpaka Februari 2021. Tarehe 16 hapa Dallas na Fort Worth ilifika -19. Umeme ukakatwa, mamilioni ya nyumba giza.

Pale nilipokuwa nafanya kazi kulikuwa na jenereta, lakini ilikuwa inabeba taa na lifti basi. Boila ilizimika, pampu zikasimama. Feni nazo zilisimama, kwa hiyo watu wakasema koili ziko salama, hakuna upepo. Upepo ulikuwepo! Dampa za nje hazikuwa na springi. Umeme ulipokatika zilibaki pale pale zilipokuwa, nusu wazi, na upepo wa kaskazini ukaingia wenyewe mpaka kwenye koili. Tulikuta mapezi ya alumini yamefunikwa na barafu nyeupe, na zile kona zimepasuka mstari mzima.

Ninachosema: feni kuzima si ulinzi kama dampa haijafunga. Mota ya dampa ya nje iwe na springi ya kufunga umeme ukikatika, na vali ya maji ya moto iwe na springi ya kufungua. Na kama kuna jenereta, pampu ya koili iwe ya kwanza kabla ya lifti. Watu watapanda ngazi.

---

kijana_wa_mwenge

Nimenogewa na huu uzi. Swali jingine: simu za huko zinaonyesha "inahisika kama -45" wakati joto lenyewe ni -30. Koili inahisi ipi?

---

msimamizi_wa_paa

Koili haina ngozi, mdogo wangu. Chicago tarehe 30 Januari 2019 ilifika -31, na sisi hapa Minneapolis siku ile ile -33. Watu walikuwa wanataja namba za -45 na zaidi kwa sababu ya upepo. Upepo unaharakisha kupoa tu, hauwezi kukishusha chuma chini ya joto la hewa yenyewe. Hewa ikiwa +2, pepo zote za dunia hazitagandisha koili. Ikiwa -10, upepo unakupunguzia dakika za kuokoa.

---

Dada Sundsvall (Uswidi)

Habari zenu. Nimesoma nikashangaa mnavyoutegemea huo mrija wa kwenye hewa. Huku hatupimi hewa, tunapima maji yenyewe. Ndani ya koili, pale maji yanapotokea kurudi, kuna sensa imezamishwa. Kompyuta ya mashine inaiangalia muda wote. Maji ya kurudi yakianza kushuka, vali inafunguliwa zaidi hata kama chumba hakihitaji joto. Yakishuka hadi nyuzi 7 hivi, feni inazima, dampa inafunga, kengele inalia. Na mashine ikiwa imezimwa usiku, haiachwi ipoe: maji ya kurudi yanashikiliwa kama nyuzi 25, ili asubuhi feni ikiwaka koili iwe tayari ina moto.

Sharti lake ni sensa kukaa ndani ya koili yenyewe, siyo mita mbili mbele kwenye bomba la chumba cha mashine. Maji yakisimama, sensa iliyo mbali inapashwa na joto la chumba, inasoma nyuzi 20 kwa raha zake huku koili inakufa.

Jambo jingine la huku: mashine nyingi zina gurudumu linalozunguka, linachukua joto la hewa chafu inayotoka na kulipa hewa safi inayoingia. Kwa hiyo koili yetu kwa kawaida haioni baridi kabisa, ni ndogo, inamalizia tu. Siku mkanda wa gurudumu ukikatika, koili ndogo inakutana uso kwa uso na -25. Tuna sensa ya mzunguko wa gurudumu, na ikinyamaza tunapunguza kasi ya feni hapo hapo.

---

Babu Boila

Dada kasema vizuri, na ukiweza kuwa na vyote viwili, weka vyote viwili. Sensa ya maji inakuonya mapema. Mrija wa hewa unakata bila kumuuliza kompyuta. Mimi kompyuta naiheshimu lakini simpi mtoto funguo zote.

---

mshona_bomba (Chicago)

Na sisi wa mvuke? Hospitali za zamani huku bado zinapasha kwa mvuke. Watu wanadhani mvuke hauwezi kuganda. Mvuke hauwezi, lakini maji yake yanayotokana na kupoa ndiyo yanaganda. Vali ikibana, presha ndani ya koili inashuka hadi inakuwa ombwe, maji yanashindwa kutoka kwenye trapu (kifaa kinachotoa maji na kuzuia mvuke), yanalala chini ya koili, na hewa inayafanyia kazi. Kwa hiyo: kivunja ombwe (vali ndogo ya kuingiza hewa ndani ya koili) kifanye kazi, trapu iwe chini ya koili angalau sentimita 30 na zaidi ukiweza, maji yashuke yenyewe bila kupandishwa juu, na nje ikikaribia sifuri vali isichezee katikati, iwe wazi yote. Joto liongozwe na dampa zinazopitisha hewa pembeni ya koili.

---

glaikoli_tu

Msisahau ile koili ya maji baridi ya kiangazi. Wengi wanafungua kizibo vuli, maji yanatoka, wanaondoka. Vile vibomba huwa vimelegea kidogo katikati, maji yanabaki humo. Puliza kwa kipulizio kikubwa hadi isitoke hata ukungu, halafu pitisha glaikoli ili tone litakalobaki liwe na glaikoli.

---

msimamizi_wa_paa

Narudi na majibu. Nimepima kama Babu alivyosema, nje ikiwa -22. Juu ya koili nyuzi 15, katikati 8, kona ya chini kushoto -6. Na sensa ya wastani, naam, imezungushwa yote nusu ya juu. Frizistati imezungushwa sawasawa kutoka juu hadi chini, kwa hiyo ndiyo pekee iliyokuwa inaiona ile kona.

Nikampeleka bosi juu na kipimajoto. Alisimama pale akiitazama namba ikiwa chini ya sifuri sentimita chache kutoka kwenye bomba la moto, hakubisha tena. Tumefanya haya: asubuhi vali inafunguliwa na pampu inawashwa kwanza, feni inasubiri. Feni ikiwaka dampa za nje zinabaki zimefungwa hadi jengo lipate joto, kisha zinafunguka polepole, zamani zilikuwa zinafunguka kwa mkupuo. Mabamba ya dampa za nje na za kurudi tumeyageuza yaelekeane ili hewa zigongane. Sensa ya wastani imeshushwa. Leo asubuhi ile kona imesoma nyuzi 4 na haikukata. Nyuzi 4 bado ni ukingoni, kwa hiyo naomba mabati ya kukorogea hewa yawekwe kwenye chumba cha kuchanganyia. Pesa hiyo bado inajadiliwa.

---

Babu Boila

Safi. Kabla hujafunga boksi, fanya jambo moja. Ile draivu ya kasi ya feni ina swichi ya otomatiki na ya mkono. Wanaofunga huunganisha frizistati upande wa otomatiki tu. Mtu wa zamu akiona feni haiwaki, anazungusha kwenda mkono, feni inawaka, na ulinzi wote umerukwa bila waya mwekundu. Weka kwenye mkono, zamisha sentimita 30 za mrija kwenye ndoo ya maji yenye barafu, uone.

---

msimamizi_wa_paa

Babu, nimetoka kufanya sasa hivi. Kwenye otomatiki feni ilizima mara moja na dampa zikafunga. Kwenye mkono swichi ililia tiki, dampa zikafunga, na feni ikaendelea kuzunguka, ikaanza kuvuta bati za chumba cha kuchanganyia kwenda ndani. Nimeizima. Nimeifunga swichi ya mkono kwa kufuli yangu, na fundi umeme anakuja Jumanne kuhamisha ile waya ikate pande zote mbili. Kuna mwenye mchoro wa namna ya kuzifunga pamoja frizistati na swichi ya presha ya bomba la hewa kwenye laini moja? Hiyo nayo nina mashaka nayo.